Oili nzito si dawa ya kila injini

Mafundi wa majahazi wa pwani yetu walikuwa na mafuta ya namna mbili, na kila moja lilikuwa na mahali pake. Mbao za juu, zinazopigwa na jua na upepo, zilipakwa sifa, yaani mafuta ya papa, mepesi, yenye kupenya ndani ya ubao na kuuzuia usipasuke. Upande wa chini, ulaliao majini pamoja na chumvi na wadudu watoboao mbao, ulipakwa deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, nzito, yenye kushika kama ngozi ya pili. Mtu angepaka deheni juu ya sitaha angechekwa bandari nzima. Na angepaka sifa peke yake chini ya mkuku, chombo kingeoza. Hapakuwa na ubishi wa mafuta yapi ni bora. Swali lilikuwa moja tu: bora kwa wapi?

Swali hilo la wazee ndilo lililonijia nilipojikuta nimekaa baina ya vijana wawili waliokaribia kushikana mashati kwa sababu ya galoni moja ya oili ya gari.

Mmoja ni mpwa wangu, dereva wa teksi hapa Mombasa. Alikuwa amenunua gari dogo la Kijapani kutoka kwa mtu wa papa hapa mjini, kwa pesa alizodunduliza miaka minne, na nyingine akakopa kwa jamaa. Siku ya kulinunua, gari lilikuwa likiunguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Halina moshi, halina kelele. Wa pili ni fundi wake, kijana mwenzake mwenye gereji ndogo Majengo, aliyeisomea kazi yake chuoni. Baada ya wiki tatu gari lilipelekwa sevisi. Fundi akatazama kifuniko cha kutilia oili, akaona pameandikwa 0W-20. Akamwaga oili ya zamani, akatia hiyo 0W-20. Hazikupita siku kumi, gari likaanza kutoa moshi wa buluu alfajiri, injini ikawa inagonga kwa chini, na kila akitoa kijiti cha kupimia, oili imepungua.

"Mjomba, huyu ameniulia gari," mpwa wangu akasema. "Ametia maji akayaita oili."

"Mzee wangu," fundi akajibu, "mimi nimetia ile waliyoiandika wenyewe waliolitengeneza. Ikiwa ni kosa, basi kosa ni lao."

Na kama ilivyo desturi yetu, washauri hawakukosekana. Mzee mmoja fundi wa miaka mingi, aliyekuwa akipita, akakata shauri pale pale: "Oili hizi nyepesi ni za nchi za barafu. Huku kwetu kuna joto. Tia 20W-50, tena leo hii, utaona kelele zote zimekwisha."

Ndugu msomaji, usemi huo wa mzee huyu ndio usemi wa gereji nyingi za pwani, na una watu wake na una hoja yake. Ndiyo sababu nimeona si vibaya tuutazame kwa makini, maana gari kwa watu wengi si anasa. Ni chungu cha nyumbani.

SIRI YA NAMBARI

Nambari za oili ziliwekwa na chama cha wahandisi wa magari cha Marekani kiitwacho SAE, kilichoanzishwa mwaka 1905, na orodha ya kwanza ya uzito wa oili ikatolewa mwaka 1911. Uzito unaosemwa hapa si ule wa mizani. Ni mnato, yaani ukaidi wa oili katika kutiririka. Asali ina mnato mkubwa, maji yana mnato mdogo.

Kila mama wa pwani anajua kwamba jambo hili hugeuka na hali ya hewa. Alfajiri ya kipupwe, mwezi wa Julai, mafuta ya nazi huganda chupani. Jua likipanda, yanamiminika kama maji. Oili ya gari haigandi namna hiyo kwa baridi ya Mombasa, lakini nayo huwa nzito ikipoa na nyepesi ikipata moto. Kwa hivyo nambari ni mbili. Ile yenye herufi W hueleza tabia ya oili katika baridi. Oili ya 0W lazima pampu iweze kuisukuma hata baridi ikifika nyuzi 40 chini ya sifuri. Ya 20W huishia nyuzi 20 chini ya sifuri. Sisi wa Mombasa, ambao nyuzi 20 juu ya sifuri twaziita baridi, hatuna haja na tofauti hiyo.

Nambari ya pili ndiyo yenye maneno. Hiyo hupimwa oili ikiwa na joto la nyuzi 100, ambalo ni karibu na joto la injini ikiwa kazini. Kwa kipimo kiitwacho sentistoki, oili ya 20 huwa kati ya 6.9 na 9.3, ya 30, kati ya 9.3 na 12.5, ya 40, kati ya 12.5 na 16.3, ya 50, kati ya 16.3 na 21.9. Maana yake ni kuwa anayetoka 20 akaenda 50 hakuongeza kidogo. Ameongeza karibu mara mbili au zaidi.

UTANDO USIOONEKANA

Sasa, oili hufanya kazi gani? Wengi wetu hudhani ni utelezi tu, kama sabuni sakafuni. Mwingereza mmoja, Beauchamp Tower, aliligundua jambo hili mwaka 1883 bila ya kulitafuta, alipokuwa akiyafanyia majaribio mabeseni ya ekseli za gari la moshi. Alitoboa tundu juu ya chuma ili atilie oili kwa hapo. Ekseli ilipozunguka, oili badala ya kuingia ikawa inatoka. Akaliziba tundu kwa kizibo. Kizibo kikasukumwa nje. Akatia kipande cha mti, nacho kikatoka. Hapo akatambua kuwa chuma kinachozunguka huikokota oili na kuiingiza katika nafasi nyembamba, nayo oili ikajaa nguvu hata ikauinua mzigo wote. Mwaka 1886 Osborne Reynolds, mwalimu wa uhandisi huko Manchester, akaieleza siri hiyo kwa hesabu, na hesabu yake ndiyo itumikayo mpaka leo.

Kwa hivyo katika injini iliyo nzima, chuma hakigusani na chuma. Hubebwa juu ya utando wa oili, kama ngalawa ibebwavyo na maji. Nafasi iliyoachwa baina ya krankishafti na beringi zake katika gari dogo ni sehemu chache tu za mia za milimita, nyembamba kuliko unywele. Oili ikiwa nyepesi mno kwa mzigo ulioko, utando huchanika na vyuma hugusana. Ikiwa nzito, utando huwa mnene. Mpaka hapo, mzee wetu wa 20W-50 ana haki yake. Mgala muue na haki yake mpe.

Tena haki yake haikuishia hapo. Oili hizi nyepesi hazikuletwa kwa sababu ya kuzidisha umri wa injini. Zililetwa kwa sababu ya petroli. Mwaka 1973, katika vita vya Oktoba, nchi za Kiarabu zilizuia mafuta yao, bei zikapaa, na mwaka 1975 Marekani ikatunga sheria ya kuwalazimisha watengenezaji wa magari wapunguze ulaji wa petroli. Kuzungusha injini ndani ya oili nzito ni kama kupiga kafi katika matope. Nguvu nyingine hupotea bure. Hivyo oili ikapunguzwa hatua kwa hatua, kutoka 40 mpaka 30, na mwaka 2001 Ford na Honda wakaanza kuagiza 5W-20 kwa magari yao mengi ya Marekani. Baadaye ikaja 0W-20, na sasa iko hata 0W-16 na 0W-8.

Ushahidi wa jambo hili umo ndani ya vitabu vya magari vyenyewe. Gari la aina moja, likiuzwa Marekani, kitabu chake huenda kikataja oili moja tu, nyepesi. Likiuzwa katika nchi nyingine, kitabu chake kikatoa jedwali zima la oili, nyepesi na nzito, kulingana na joto la mahali. Vitabu kadhaa vya Toyota husema waziwazi kuwa oili yenye nambari kubwa zaidi huenda ikafaa gari linapokwenda kwa kasi au kubeba mizigo mizito.

Na mwaka 2025 yalitokea makubwa. Mwezi wa Aprili kampuni ya General Motors iliyaita karibu magari 600,000 nchini Marekani, ya miaka ya 2021 mpaka 2024, yenye injini ya silinda nane ya lita 6.2, kwa sababu ya kasoro katika krankishafti na mikono ya pistoni. Injini zilizokutwa na ugonjwa zilitengenezwa au kubadilishwa. Zilizokutwa salama zilimwagwa oili ya 0W-20 iliyokuwa imeagizwa, zikatiwa 0W-40, na hata kifuniko cha oili kikabadilishwa ili maandishi yalingane. Basi mtengenezaji mwenyewe ndiye aliyepanda kutoka nyepesi kwenda nzito.

LAKINI DAWA INA KIPIMO

Je, baada ya hayo yote, tukimbilie 20W-50? La. Ukiyasoma vizuri hayo ya General Motors utaona mambo mawili. Kwanza, waliacha ile nambari ya baridi ilivyokuwa, 0W. Pili, injini iliyokwisha kuugua hawakuitibu kwa oili, waliifungua.

Injini za leo zina mambo ambayo zile za miaka ya 70 hazikuwa nayo. Gari langu la zamani nililoendesha nikiwa kijana lilikunywa 20W-50 na kitabu chake kiliitaja, wala halikuwa na ila. Lakini kazi kubwa ya oili mle ilikuwa kulainisha. Katika gari la leo, oili hiyo hiyo ndiyo mkono unaogeuza majira ya valvu, ikipitia vijitundu vyembamba na vichungi vidogo mno. Kompyuta ya gari huamuru, nayo oili ndiyo itekelezayo. Ikiwa nzito kupita kiasi, amri huchelewa kutekelezwa, injini hupungua nguvu, na taa ya onyo huwaka. Mwenye gari hukimbilia kununua spea, na kumbe ugonjwa umo galonini.

Liko na kosa la presha. Fundi hutia oili nzito, akatazama geji, akaona presha imepanda, akafurahi. Lakini presha si mtiririko. Ukiubana mdomo wa mpira wa maji, presha hupanda na maji yakapungua. Pampu ya oili ina valvu ya kupunguzia. Oili ikiwa nzito mno, valvu hufunguka na sehemu ya oili ikarudishwa chini bila ya kufika inakohitajiwa. Asubuhi, injini ikiwa imelala, oili ya 20W-50 hata kwa hali ya hewa ya Mombasa ni nzito mara kadhaa kuliko 0W-20, na huchelewa kufika juu kwenye valvu. Gari linalotumia petroli na umeme pamoja, ambalo injini yake hujizima na kujiwasha kila mara njiani, huonja uchelewaji huo kuliko mengine.

Na petroli nayo ina hesabu yake. Tofauti ni asilimia chache tu, lakini mwenye teksi huishi kwa asilimia chache. Tuseme gari linakula lita 10 kwa siku, na oili nzito ikaongeza 2 kwa mia. Katika siku 300 za kazi hizo ni lita 60. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba pia hukimaliza.

KILICHOKUWA CHINI YA OILI

Turudi kwa vijana wetu. Nilimwuliza fundi swali moja: "Ile oili uliyoimwaga, ilikuwa ya namna gani?"

"Nzito, mzee wangu. Ilishuka kama asali. Nikasema kimoyomoyo, huyu aliyekuwa na gari alikuwa akitia nini humu?"

Tukafungua boneti. Kando ya betri kulikuwa na kikaratasi cha sevisi, kimejaa vumbi, kilichoachwa na fundi wa zamani. Kimeandikwa 20W-50. Hapo pakapimwa msukumo wa silinda. Mbili zilikuwa chini. Injini ikafunguliwa. Ringi za oili zilikuwa zimegandamana na masizi, na beringi zimelika mpaka rangi yake imegeuka. Yule yule mzee wa 20W-50, aliyekuja kutazama, akaishika beringi mkononi, akaigeuzageuza, kisha akasema, na nampa heshima yake kwa kusema kweli: "Huku kulika si kwa siku kumi. Huku ni kwa miaka."

Basi ukweli ukawa huu. Oili nyepesi haikuliua gari. Ililivua nguo. Gari lilikuwa gonjwa tangu kabla ya kuuzwa, na oili nzito ilikuwa imefunikwa juu ya ugonjwa kama shuka. Ringi iliyolika huipitisha oili nyepesi kwa urahisi ikaungua, moshi ukatoka. Oili nzito hupita kwa shida. Beringi iliyolegea hugonga katika oili nyepesi. Katika nzito, kelele hunyamaza. Kunyamaza kwa mgonjwa si kupona kwake.

Wasomaji mnakijua kisa cha Mtume wetu (S.A.W.) alipopita sokoni, akatia mkono wake ndani ya lundo la nafaka, akakuta juu ni kavu na ndani kumerowa. Mwenye mali akasema ni mvua. Akaulizwa mbona ile iliyorowa hakuiweka juu, watu wakaiona. Nafaka ya zama zetu ni injini, na anayemtilia mnunuzi oili nzito ili asisikie mgongano, ameificha nafaka iliyorowa.

Sitasema kuwa aliyeuza alikusudia. Aliitwa baada ya sala ya Ijumaa, akaja. Akaeleza kuwa gari lilipoanza kula oili aliambiwa na fundi wake kuwa nzito ndiyo dawa, akaamini. Lakini alipoulizwa mbona hakusema kuwa lilikuwa likila oili, aliinama, kisha akakubali kuchangia nusu ya gharama ya matengenezo. Mambo ya moyoni tumemwachia Mola. Mpwa wangu naye alimwomba radhi fundi wake mbele ya watu wale wale aliomtukania mbele yao, na hilo lilinipendeza kuliko zile pesa.

Injini ilipofungwa kwa ringi na beringi mpya, swali likarudi: itiwe ipi? Kitabu cha gari kilikuwa cha Kijapani, hakuna aliyeweza kukisoma, lakini nambari hazihitaji mkalimani. Palikuwa na 0W-20, na chini yake 5W-30. Kwa kuwa teksi hufanya kazi mchana kutwa katika joto na msongamano, fundi akachagua 5W-30. Hatua moja, tena iliyoruhusiwa na wenyewe. Mpaka leo gari linatafuta riziki, na kijiti cha oili hakishuki.

Basi ndugu yangu mwenye gari, hasa haya yanayoteremshwa bandarini kwetu kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika miaka kadhaa, shika machache. Kitabu cha gari kwanza, shauri la barazani baadaye. Ukitaka kupanda kwa sababu ya joto, mizigo au safari ndefu za kupandisha Mazeras na Voi, panda hatua moja, iliyomo kitabuni, usiruke tatu. Tazama pia herufi za galoni. Katika alama za API, zinazoanza na S ni za injini za petroli, na zinazoanza na C ni za dizeli, na oili nzito isiyo ya namna yake haina faida. Pima oili mara kwa mara na uimwage kwa wakati wake, kwani oili ya nambari sawa iliyopungua au kuchakaa huharibu injini bila ya kujali nambari. Na gari likianza kula oili, usilinyamazishe. Lifungue, au umwulize anayejua kwa nini linakula. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Na ukienda kununua gari, nenda alfajiri kabla mwenyewe hajaliwasha. Vuta kijiti, itazame oili inavyodondoka, kitafute kikaratasi cha sevisi, kisha mwambie aliwashe nawe umesimama nyuma, unatazama moshi. Gari zima halitaona haya kuonwa likiamka.